Kwa Mwinyimvua

"Andika kwamba nyumba hii ni yangu," alisema Bi Zamda. "Halafu andika kwamba marehemu mume wangu hakuwa mtu wa kukaa bure kwa mwanamke. Yote mawili. Kwa Kiingereza kizuri."

Euphrasia alikuwa ameketi kwenye mkeka chumbani mwa Zamda, daftari magotini, kalamu ya risasi mkononi. Alimtazama yule mama aliyekaa kitandani na nguo zake nyeupe za eda, akashusha pumzi.

"Bi Zamda, haya mawili hayakai pamoja."

"Yanakaa. Yamekaa pamoja humu ndani miaka kumi na minne."

"Humu ndani, sawa. Kwenye karatasi hayakai."

"Basi cheti ulipewa cha nini, mwanangu? Tafuta neno."

Mwinyimvua, mume wa Zamda, alikuwa mshona kofia. Alikuwa amekufa siku sitini na moja kabla ya hapo, na eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, kwa hiyo Zamda hakuwa na ruhusa ya kuvuka kizingiti. Lakini ofisi ya viwanja haikujua eda. Ilikuwa inaandika daftari jipya la Kariakoo yote, na kila kiwanja chenye jina la maiti kilitakiwa kipewe jina la mtu hai kabla mwezi haujaisha. Mwenye dai aje mwenyewe, au alete barua. Barua iwe ya Kiingereza, maana bwana mpya wa viwanja alikuwa ameshuka melini juzijuzi, na Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "upesi".

Kiwanja kilikuwa na jina la Mwinyimvua. Baada ya arobaini, mdogo wake Pazi aliyekuja kutoka Maneromango kwa ajili ya msiba hakurudi kwao. Alikaa, akauliza kwa adabu habari za nyumba ya kaka yake. Zamda hakuzaa. Nyumba ikiwa ni ya Mwinyimvua, mjane atapata robo, na robo ya nyumba ya vyumba sita haikaliki: nyumba itauzwa, mama atatoka. Ikiwa ni ya Zamda, hakuna cha kugawana.

Na ilikuwa ya Zamda. Hilo Euphrasia, aliyepanga chumba cha mbele mwaka wa tatu sasa na kufundisha katika shule ya misheni, alilisikia tangu wiki yake ya kwanza, kwa minong'ono ya uani. Zamda aliijenga kwa vitumbua na samaki wa kukaanga, alivyowauzia mafundi wa reli kule Gerezani, ameketi juani na sinia lake tangu alfajiri. Boriti zake, udongo wake, mabati yake.

"Sasa kwa nini jina lake?" aliuliza Euphrasia. Hakuwahi kuuliza hapo kabla.

Zamda alicheka kidogo. "Wewe hujaolewa. Tulipohamia humu watu walipaita kwa Bi Zamda. Mwanamume yule akienda barazani kunywa kahawa, wenzake wanamwambia, 'Bwana, leo umepewa ruhusa?' Mwingine anamwambia, 'Wewe hukuoa, umeolewa. Mahari ulilipwa kiasi gani?' Wanacheka. Naye anacheka. Siku ya pili wanacheka tena. Mwisho akaacha kwenda. Mwanamume asiyekwenda barazani ni mgonjwa, mwalimu. Anakaa hapo mlangoni, anashona kofia, haongei. Nikaona mume wangu ananifia kwa sababu ya mabati yangu."

"Ukafanya nini?"

"Nikampa. Sikumpa nyumba, nilimpa jina lake. Nikamwambia, nenda dirishani kwa ofisi ya viwanja kaandikishe wewe. Boriti za vyumba vya nyuma, nenda kwa Salem muuza mbao kachague wewe. Mimi nampa kilichomo kwenye pindo la kanga, yeye anatoka nacho kichwa juu. Muuza maji akija anaita, 'Kwa Bi Zamda!' Siitiki. Nilifua kwa maji ya chumvi ya kisimani siku tatu mpaka akajifunza kuita, 'Kwa Mwinyimvua!' Wapangaji wote niliwafundisha hivyo. Na wewe je, ulipokuja nilikwambiaje?"

"Kwamba nimepanga kwa Mzee Mwinyimvua."

"Ehee. Akarudi barazani. Mpaka anakufa alikuwa na mahali pake pale, hapakaliwi na mtu mwingine." Zamda aliacha kucheka. "Kwa hiyo usimvue nguo mume wangu mbele ya Mzungu. Nataka nyumba yangu, lakini huyu asiguswe."

Euphrasia alirudi chumbani kwake, akafungua dirisha, akaanza kazi.

Kule Morogoro alikosomea ualimu, Sista aliyewafundisha Kiingereza aliwapa kanuni mbili. Mtu akiwa na kitu, mwandike yeye kwanza, mtundikie alama ndogo begani na herufi ya s, kisha andika kitu chake: "Zamda's house". Kitu kikiwa na kitu, anza na kinachomilikiwa, weka "of" katikati: mguu wa meza, paa la nyumba. Mtu kwa alama, kitu kwa "of". Wasichana walikariri wakapata alama zao. Lakini Euphrasia, aliyekuwa na tabia ya kubishana na vitabu, aliona kwamba Waingereza wenyewe hawakuifuata. Wafalme na watakatifu waliwekewa "of" kama meza. Aliwahi kumwuliza Sista kwa nini. Sista alisema ni heshima, akamwambia akae chini.

Sasa neno lile la heshima lilimrudia akalishika kwa mikono miwili. Huenda njia ilikuwa hapo. Zamda apewe ile alama ya begani, inayoshika kitu kama mkono unavyoshika sinia. Mwinyimvua apewe "of", ya wafalme, inayosimama kando na kitu chake wala haikigusi. Mzungu akisoma, sikio lake la kuzaliwa nalo litasikia tofauti bila mtu kumweleza: huyu ndiye mwenyewe, na yule ndiye aliyeheshimiwa kwa jina. Hakuna aliyevuliwa nguo.

Aliandika, akafuta, akaandika. Kadiri alivyoandika ndivyo hasira zilivyompanda. Kiswahili hakimsumbui mtu namna hii. Kina kijineno kimoja kinachobeba mguu wa meza, mume wa Zamda, siku ya Ijumaa na maji ya kunywa, wala hakuna anayepotea. Na anayetaka kutaja mahali mtu anapopatikana bila kuuliza nani alinunua misumari, ana "kwa". Kwa Mwinyimvua. Hilo ndilo neno alilolitaka, na kwa Kiingereza hakulipata. Kila alipojaribu kusema "kwa Mwinyimvua", ilimbidi amtundikie yule mzee alama ileile ya begani, alama ya mkono unaoshika.

Asubuhi ya pili, kabla ya kengele ya shule, alipita Mchafukoge mpaka ofisi ya viwanja. Dirishani alikuwepo karani Umakant, mwenye miwani na mwavuli uliotundikwa nyuma ya kiti mvua isipokuwapo. Alisoma barua yote midomo ikichezacheza.

"Bi mwalimu, mwandiko mzuri sana," alisema. "Nyumba ngapi hizi?"

"Moja."

"Moja. Hapa juu ni nyumba ya Zamda. Hapa chini ni nyumba ya Mwinyimvua. Bwana atauliza ipi iko wapi."

"Bwana Umakant, tazama. Hapa nimeandika hivi, na hapa nimeandika vile. Si sawa."

"Ni sawa."

"Haiwezi kuwa sawa! Lugha haiwi na njia mbili za bure."

Umakant alivua miwani akaifuta. "Mimi naandika barua za serikali mwaka wa kumi na saba. Nikiwa na haraka naweka alama. Nikiwa na nafasi kwenye mstari naweka 'of', inajaza. Bwana hata haoni. Anaona nyumba, anaona jina."

"Lakini 'of' ina heshima."

"Kwa mfalme, labda. Kwa Mwinyimvua wa kofia?" Alipoona uso wake akalainisha sauti. "Sikiliza, dada. Ya Mwinyimvua maana yake nini? Ni yake?"

"Inaitwa yake."

"Basi andika 'inaitwa'."

"Nikiandika 'inaitwa' nimesema si yake."

"Si ndicho unachotaka?"

Euphrasia aliinamia barua kuisoma tena. Nyuma yake watu wa foleni walianza kukohoa. Karani aligonga muhuri, akaandika tarehe juu ya barua: Alhamisi, saa tatu, na shahidi mmoja aliyeijua nyumba tangu kujengwa.

"Siku hazisogezwi? Mwenyewe yuko eda."

"Nilimwambia bwana kuhusu mjane mwingine," alisema Umakant. "Aliniuliza eda ni ugonjwa wa kuambukiza?"

Shahidi hakuwa tabu kumpata. Salem, mwenye duka la boriti na misumari pale pembeni, aliiona nyumba ikijengwa, na ndiye aliyewauzia boriti za vyumba vya nyuma. Euphrasia alimkuta anapanga makopo ya rangi, akamwamkia shikamoo, akamweleza.

"Marahaba, binti yangu. Nyumba ile?" Salem aliweka kopo chini. "Kila msumari uliomo mle ni jasho la Zamda. Nani asiyejua?"

"Utasema hivyo Alhamisi?"

"Nitakuja Alhamisi," alisema Salem.

Euphrasia alitoka dukani mwepesi. Hakugundua mpaka baadaye kwamba mzee hakulijibu swali lake.

Alhamisi walikaa kwenye benchi moja barazani pa ofisi: Pazi katika kanzu iliyofuliwa vizuri, Salem na bakora yake, Euphrasia mwishoni. Pazi alimpa nafasi zaidi ya kukaa.

"Mwalimu, usinichukie," alisema kwa sauti ya chini. "Shemeji yangu namheshimu. Lakini kaka yangu amekufa ameacha nyumba. Nirudi kwetu niwaambie wenzangu kwamba nimeiacha kwa sababu gani?"

"Kwa sababu si yake."

Pazi alishangaa kweli. "Si yake vipi? Miaka yote nakuja mjini, nafikia kwa kaka. Nikiuliza njia, hata watoto wananipeleka kwa Mwinyimvua."

Bwana wa viwanja alikuwa kijana, shingo imebabuka kwa jua. Aliichukua barua ya Euphrasia, akaisoma kwa muda usiotosha hata kunywa maji, akasema neno na Umakant. Euphrasia alilielewa kabla ya kutafsiriwa.

"Bwana anasema Kiingereza chako ni kizuri," alisema Umakant, haangalii mtu. "Anauliza mbona nyumba moja ina wenyewe wawili."

"Mwenyewe ni mmoja. Ni Zamda."

Bwana aligeuza daftari kubwa, akaonyesha mstari kwa kidole. Hapo lilikuwepo jina moja. Kisha akamtaka shahidi.

Salem alisimama, akaapa.

"Unaijua nyumba hii?" aliuliza Umakant badala ya bwana wake.

"Naijua. Niliuza boriti zake."

"Nani alizinunua?"

Salem alitazama ukutani. "Aliyekuja dukani ni marehemu Mwinyimvua. Alizichagua mwenyewe moja moja. Mkono niliopokea ni wake."

"Watu wanapaitaje?"

"Kwa Mwinyimvua."

"Umewahi kusikia mtu akipaita vingine?"

"Zamani kidogo. Si siku hizi."

Bwana aliandika. Euphrasia aliiona kalamu ikitembea, akajua kwamba ikifika mwisho wa mstari huo mambo yamekwisha. Alimkumbuka Zamda kitandani akisema huyu asiguswe. Alifikiria pia vile vyumba sita. Alisimama.

"Mzee Salem, waambie ulichoniambia mimi!" alisema kwa Kiswahili, halafu akamgeukia Mzungu na kumwaga Kiingereza chote alichokuwa nacho, bila alama wala heshima. Alisema kwamba Mwinyimvua hakununua hata msumari mmoja. Alisema alikuwa akipewa fedha na mkewe kama mtoto anayetumwa dukani, ili wanaume wasimcheke. Alisema alilishwa, alivikwa, aliwekwa.

Pazi hakujua Kiingereza, lakini alisikia jina la kaka yake likitajwa kwa sauti ile, akamwuliza karani, "Anamsema nini?" Umakant alisita, kisha akamtafsiria kwa upole alioweza. Pazi aliinama akashika uso kwa viganja.

Bwana alimwuliza Salem kama ni kweli.

"Marehemu hasemwi," alisema Salem.

"Ndiyo au siyo, mzee," alisema Umakant.

"Mimi nimeapa. Niliona mkono wake. Mkono wa mwingine sikuuona."

"Na huyu mwalimu, alikuwepo nyumba ikijengwa?"

"Hapana. Huyu ni mpangaji, amekuja juzijuzi. Mtoto mzuri," aliongeza, kana kwamba hilo lingemsaidia.

Bwana wa viwanja hakukasirika. Hilo ndilo lililomuuma Euphrasia kuliko yote. Alimtazama kwa upole wa mtu anayemtazama mgonjwa, akasaini, na Umakant akawasomea: nyumba itaandikwa kuwa ni mali ya marehemu Mwinyimvua, warithi wagawane kwa sheria ya dini yao, mjane amalize eda yake humo bila kubughudhiwa. Barua ilitobolewa tundu pembeni ikatiwa kwenye uzi pamoja na nyingine.

Nje, Euphrasia alimfuata Salem mpaka kwenye kivuli cha ukuta.

"Uliniambia kila msumari!"

"Nilikwambia."

"Halafu umeapa uongo."

"Sikusema uongo hata neno moja, binti." Mzee alikuwa amechoka. "Jana Zamda aliniita. Nikasimama nje ya mlango, yeye ndani. Akaniambia, 'Salem, sema ulichokiona, usiseme unachokijua.' Nikamwambia, utaipoteza nyumba. Akanijibu, 'Barua itasema. Nina mwalimu.'"

Euphrasia alirudi kwa miguu, akapita sokoni katikati ya wauza nazi na ndizi bila kumwona mtu. Alipofika alimkuta Zamda ameketi palepale kitandani.

"Barua imesomwa?" aliuliza Zamda.

"Imesomwa."

"Ikasemaje?"

"Haikusema kitu, Bi Zamda. Nilijaribu. Sikupata neno." Alikaa mkekani. "Nikasema mimi kwa mdomo wangu."

"Umemvua nguo," alisema Zamda.

"Ndiyo."

"Mbele ya mdogo wake."

"Mbele ya mdogo wake."

"Wakasadiki?"

"Hakuna aliyesadiki."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wameandika ni ya Mwinyimvua."

Zamda alivuta upande wa nguo yake nyeupe akafunika uso. Mabega yake yalilegea, na Euphrasia akadhani amepata nafuu. Kisha yakaanza kutikisika. Alilia muda mrefu. Euphrasia alitaka kuomba msamaha lakini hakujua aombe kwa lipi, kwa kusema au kwa kutosadikiwa, na maneno ambayo hayakuwahi kumtoroka tangu utotoni hayakuja, si kwa Kiingereza wala kwa lugha yake mwenyewe.

Jumamosi Pazi alibisha hodi na kamba ndefu ya katani yenye mafundo, kipimo cha kila fundo ni hatua moja. Kulikuwa na mnunuzi aliyetaka kujua ukubwa wa vyumba. Kuhama kungesubiri eda iishe. Alipima baraza, ukumbi, vyumba vya nyuma, jiko la uani. Euphrasia alikuwa amekaa mlangoni pake akisahihisha madaftari ya shule, kosa moja limemkaa mbele ya macho wala halioni. Pazi alifika kwenye pazia la Zamda akasimama. Asingeweza kuingia kwa mjane aliye eda.

"Mwalimu," alisema, haya zimemjaa. "Nisaidie. Hapa mimi siwezi kupita."

Euphrasia hakuinuka.

"Msaidie, mwanangu," sauti ya Zamda ilitoka ndani. "Amalize aende. Jua limepanda."

Euphrasia aliishika ncha ya kamba akaingia nayo. Chumba kilikuwa kidogo, na kitanda kilizuia njia ya kwenda ukutani. Alipiga magoti, akaisukuma kamba uvunguni. Zamda, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, aliinua miguu yote miwili, akaishikilia hewani mpaka kamba ilipofika ukutani.

"Imefika?" aliuliza Pazi kutoka nje.

"Imefika," alisema Euphrasia.